Gitaa la Babu Ndani ya Mtungi

Majuzi nilikwenda sokoni kununua bamia, nikarudi na mtungi. Mwanamke mmoja alikuwa amepanga vyombo vyake vya udongo juu ya mkeka, na mteja alipomuuliza kama havivuji, akamimina maji ndani ya mtungi mpya ili amwonyeshe. Harufu ikapanda. Anayeijua anaijua: udongo uliochomwa unapokunywa maji kwa mara ya kwanza, harufu nzito, karibu uitafune. Wengine wakiinusa hukumbuka maji ya baridi. Mimi hukumbuka muziki. Nilisimama pale nikicheka peke yangu mpaka yule mama akaniuliza, "Dada, kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, nipe huo.

Nyumbani nilimkuta Rashidi, mtoto wa kaka yangu, amekaa chini katikati ya nyaya. Vijana wa siku hizi wamezirudia santuri, zilezile ambazo sisi tulizifunikia ndoo, na wanazinunua kwa fahari. Rashidi amejipatia gramafoni kuukuu na wiki nzima alikuwa anasumbuka nayo, mara aweke vipande vya mbao chini ya spika, mara azisogeze ukutani, mara aangalie kwenye simu watu wa mbali wanavyofanya. "Shangazi, hii kitu haina besi kabisa," alisema kwa uchungu. Nikauweka mtungi mbele yake. "Besi yako hii hapa." Akanitazama jinsi watoto wanavyotutazama wanapodhani tumeanza kuchanganyikiwa, na mimi nikaona bora nikae nimweleze tangu mwanzo.

Nililelewa Mingoyo na wazazi wa mama yangu, karibu na njia panda, pale gari la Mtwara na gari la bara yanapoachana. Babu alikuwa mkulima wa mikorosho, mtu mrefu, mpole, kofia yake ya kiua imelalia upande mmoja siku zote. Lakini kabla ya mikorosho alikuwa mwanamuziki. Ujanani alikwenda Dar es Salaam, akaingia kwenye bendi ya dansi, akapiga gitaa la besi, na bendi hiyo ikarekodi santuri moja kabla haijasambaratika. Ndivyo alivyosema yeye. Santuri tulikuwa nayo, sahani ndogo nyeusi ambayo karatasi yake ya katikati ilikuwa imefifia hata jina la bendi halikusomeka. Wimbo wenyewe ulikuwa wa mwanamume aliyechelewa kurudi nyumbani, amesimama nje, anambembeleza mkewe amfungulie mlango.

Sasa taabu ilikuwa hii: gitaa la Babu halikusikika.

Gramafoni yetu ilikuwa ya kisanduku, spika yake iko kwenye kifuniko, ndogo kuliko sahani ya chai, na ilikula betri ya gari ambayo Babu aliipeleka kuchajiwa kwenye mashine ya kusaga. Betri ikiwa na nguvu, mwimbaji alikuwa kijana. Ikichoka, alizeeka huku tunamsikiliza. Tarumbeta zilisikika, gitaa la solo lilisikika likilia kwa juu, hata mtu aliyekohoa studio alisikika. Ila kule chini, alikosema Babu kwamba ndiko aliko, hapakuwa na kitu. Kila Ijumaa baada ya sala alituwekea santuri yake barazani, akafumba macho, akalifuata gitaa lake kwa kidole hewani. "Hapa nimeingia. Hapa nashuka. Hapa natulia, namwachia mwenye tarumbeta." Sisi tulitazama kidole, maana ndicho kilichoonekana.

Bibi yangu, Bi Somoe, alikuwa na maneno yake juu ya jambo hilo, na hakuyaficha. "Mwanamume anaondoka, mkewe ana mimba changa," alikuwa akiwaambia wageni huku anawamiminia chai. "Anarudi, mtoto anatambaa. Mkononi ana sahani moja nyeusi. Namuuliza, ulikuwa wapi? Ananiambia, nilikuwa humu. Namtafuta humu, simwoni!" Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Yule mtoto aliyekuwa akitambaa ndiye mama yangu, kwa hiyo na mimi nilicheka, nikijiona nimo kwenye hadithi. Lakini neno linalosemwa miaka yote huwa si mzaha mtupu. Siku moja Bibi alikuwa anasukwa na shoga yake uani, nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Mimi ningekuwa na amani kama ningelisikia hilo gitaa mara moja tu. Mtu hapotei muda wote ule bure. Dar es Salaam ina wanawake." Shoga yake akamwambia, "Yamekwisha hayo, Somoe." Bibi akajibu kwamba kwake hayajakwisha.

Na alikuwapo Mzee Ndembo, mtani wa Babu, ambaye kwa haki ya utani alikuwa na ruhusa ya kusema lolote na kula chochote nyumbani kwetu. Alimwita Babu "mpiga kimya." "Siku ukifa," alimwambia, "tutakuzika na gitaa lisilo na nyuzi, ili huko uendako uendelee na kazi yako." Mtu hamkasirikii mtani wake. Babu alitabasamu, akamsogezea sahani ya mihogo.

Mimi niliyekuwa mdogo nilikuwa na maelezo yangu, na sikumwambia mtu. Niliamini kwamba masikio hukua. Meno ya utoto hung'oka yakaja mengine, sauti za kaka zetu zilivunjika zikawa nzito, kwa hiyo nilijua na masikio yana siku yake. Babu alilisikia gitaa kwa kuwa yeye masikio yake yamekomaa. Kila Ijumaa niliyasugua yangu kabla ya santuri kuanza, nikasikiliza kwa nguvu zote, na gitaa lisipokuja nikajiambia bado. Jambo ambalo sikulielewa ni kwa nini Bibi, na umri wake wote ule, naye alikuwa bado.

Tena nilikuwa na jingine. Santuri ile ilikuwa imekwaruzika, na nyuma ya wimbo kulikuwa na sauti ya chwaa, chwaa, chwaa isiyokatika. Mimi niliijua sauti hiyo vizuri, maana nilikuwa nikiisikia jikoni kila jioni. Yule mke aliyekuwa akibembelezwa afungue mlango alikuwa anakaanga samaki. Ndiyo maana hafungui, nilijiambia, samaki wataungua. Nilimwona ni mwanamke mwenye akili.

Mambo yalianza kubadilika aliporudi Mjomba Hamisi, mdogo wake mama, aliyekuwa amekwenda Mtwara kujifunza ufundi wa redio. Alifungua meza yake njia panda, na mtu asingeweza kupita na redio bila yeye kutega sikio. Ijumaa ya kwanza alisikiliza santuri ya baba yake mpaka mwisho, kisha akaiinua kwenye mwanga akaitazama kwa upande. "Baba," alisema, "wewe umo humu. Ila umefunikwa. Niachie mimi nikutoe."

Bibi aliacha kupepeta mchele. "Mtoe," alisema. "Mtoe tumwone."

Nilidhani Babu angeruka kwa furaha. Alisema tu, "Polepole, mwanangu. Kitu cha zamani hicho."

Mjomba alianza na kuosha. Alikinga maji ya mvua, kwa sababu maji ya kisima chetu yalikuwa na chumvi na yangeacha weupe kwenye mifereji ya santuri. Akayatia uvuguvugu, akakata kipande kidogo cha sabuni, akachukua pamba na kuifuata ile mifereji kwa kuizungusha, pole, bila kulowesha karatasi ya katikati. Pamba ilitoka nyeusi. Vumbi la miaka yote ya Mingoyo lilikuwa mle, na moshi wa jikoni, na nadhani na unga wa Bibi. Akaikausha kivulini, kwa kuwa jirani yetu mmoja aliwahi kuanika yake juani na ikajikunja mpaka wakaifanya bakuli la kuwekea vitunguu. Ijumaa iliyofuata tulipoiweka, chwaa-chwaa ilikuwa imepungua sana. Nikauliza, "Samaki wameiva?"

Ilibidi nieleze, na nilipoeleza, Mzee Ndembo alilala chali barazani kwa kicheko. Mpaka anafariki, miaka mingi baadaye, akikutana nami njiani hakuniuliza hali. Aliuliza kama samaki wameiva.

Kisha Mjomba akaondoa sarafu ambayo Babu alikuwa ameibandika juu ya mkono wa gramafoni ili sindano isiruke. "Hii inachimba, Baba. Inakula wimbo." Akatia sindano mpya. Na ili sindano isiruke bila sarafu, akaweka bakuli la maji juu ya meza ya gramafoni, akatazama maji yameelemea wapi, akawa anachomeka vipande vya boksi chini ya miguu ya meza mpaka maji yakatulia sawa pande zote. Mimi nilipewa kazi ya kusema "bado" na "sawa," na nilisema kwa mamlaka kamili.

Kila hatua wimbo ulipanda daraja. Mwimbaji aliacha kuimbia puani. Tulimsikia akivuta pumzi kabla ya mstari. Ila jambo moja nililiona bila kulielewa: kadiri sauti ilivyokuwa nzuri, ndivyo Babu alivyopungua maneno. Kidole chake hakikupanda tena hewani. "Inatosha sasa, Hamisi," alisema Ijumaa moja. "Muziki mzuri hauchimbwi sana." Nilidhani anaogopa santuri itakwisha.

Mjomba hakusikia wala hakutaka kusikia. Alikuwa amepata spika kubwa kutoka kwenye redio iliyokufa, na ameunda amplifaya yake kwa vipande vya redio nyingine zilizokufa, akaunganisha. Tulikusanyika. Spika ikatoa sauti pana kidogo, lakini kavu. Mjomba alisema kwamba spika isiyo na nyumba haiwezi kutoa besi, kwa sababu sauti inayotoka mbele na inayotoka nyuma hukutana zikauana. Inataka nyumba, mgongo wake ufichwe. Mbao hakuwa nazo. Lakini Mtwara aliona mkahawa mmoja ambao spika yake imekaa kwenye mdomo wa mtungi, na chai ya pale ilikuwa inatetemeka kwenye vikombe.

Basi yakaanza mashindano ya vyombo. Debe lilitoa sauti ya bati. Chungu cha mchuzi kilikuwa kidogo, kikatoa besi ya kitoto. Mjomba alizunguka kwa majirani akigonga vyombo kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, na wanawake wakamfuata wakicheka, kila mmoja anasifu chake. Hakuridhika. Mwisho akaingia sebuleni kwetu, kwenye kona ya giza, akagonga mtungi wa maji wa Bibi. Duum. Akagonga tena, akapima mdomo wake kwa shubiri, akaipima spika. Vikalingana.

Mtungi ule haukuwa chombo cha kuchezea. Mama yake Bibi aliutoa kwao Rondo siku binti yake alipoolewa, ukaja kichwani mwa shangazi mmoja njia nzima, na tangu siku hiyo ulikaa palepale, umezikwa nusu kwenye mchanga, ukiwapa wageni maji baridi. Hata mimi mjukuu nilikuwa sitii kikombe bila kunawa.

"Mtungi wangu unywe muziki?" Bibi alishangaa. "Hamisi, una homa? Hapana."

"Mama yako kasema hapana," Babu akadakia palepale, "basi ni hapana. Tuache mambo haya."

Bibi akageuka akamtazama. Alimtazama muda mrefu, mpaka Babu akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo. Kisha Bibi akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Hamisi, njoo uuchukue mtungi."

"Mama, umebadilisha mawazo?"

"Nimebadilisha. Baba yako hajanikubalia upesi namna hii tangu aliponioa. Kuna kitu anaogopa kisikike, au anaogopa kisisikike. Vyote viwili nataka nivijue. Sikukuu hii, mbele za watu. Akiwemo, nitamwomba radhi kwa maneno yangu yote. Asipokuwemo, nitajua la kufanya."

Babu alitoka akaenda shamba, ingawa jua lilikuwa linakaribia kuzama na mikorosho haikuwa na haja naye. Mimi nilikwenda kulala na moyo mzito. Nilikuwa na hakika ya mambo mawili, kwamba Babu hasemi uongo, na kwamba ameogopa, na sikujua mambo hayo yanawezaje kukaa kwa mtu mmoja. Nilimuuliza Bibi kitandani kama "la kufanya" ni kuondoka. Alinifunika. "Lala, mke mwenzangu," alisema. Ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. Hakusema hapana.

Mtungi ulimwagwa maji, ukawekwa kivulini ukauke mpaka ndani, kwa kuwa Mjomba alisema udongo wenye maji hunyonya sauti. Siku ya pili ya Idi, baada ya alasiri, akauleta barazani. Alipousimamisha juu ya sakafu ya saruji ukawa unanguruma vibaya ukiguswa, Bibi akamrushia ngata yake, ile ya kitambaa anayowekea ndoo kichwani. "Mtungi haukai chini mtupu," alisema. "Nani kakulea?" Ukakaa juu ya ngata, ukatulia. Spika ikafungwa mdomoni kwa vipande vya mpira wa baiskeli, mgongo ndani, uso nje. Mimi niliambiwa nikae karibu, niweke kiganja kwenye tumbo la mtungi, niseme kama unacheza.

Watu walijaa. Kulikuwa na sambusa, kashata za nazi, tende na sharbati ya ukwaju, na nguo mpya zenye harufu ya duka. Mzee Ndembo alikuja bila kualikwa, kama ilivyo haki yake, akachukua kashata kubwa kuliko zote. "Leo tunamfukua mpiga kimya," alitangaza. Babu alikaa kwenye kiti cha mwisho, karibu na mlango. Kanzu yake ilikuwa nyeupe sana na mikono yake ilikuwa imeshikana.

Mjomba akateremsha sindano. Tarumbeta zikaingia, safi. Mwimbaji akavuta pumzi. Na chini ya kiganja changu mtungi ukaamka.

Sijui niseme vipi. Nililipata kwanza mkononi, likapanda kiwiko, likafika kifuani, ndipo masikio yakalisikia: duum, du-duum, duum, gitaa nene linatembea chini ya wimbo kwa mwendo wa mtu asiye na haraka na anayejua aendako. Wimbo niliousikia maisha yangu yote nikagundua ulikuwa hauna miguu. Sasa ulisimama. Vikombe vilitetemeka kwenye sinia. Mtu alipiga kigelegele, wengine wakapokea, na Mzee Ndembo, kashata mdomoni, akasimama akaanza kucheza, mzee mzima, mabega yanapanda na kushuka. "Yumo!" alipiga kelele. "Mshenzi huyu yumo!" Na mimi nilipiga kelele kuliko wote. "Nimekua! Masikio yangu yamekua! Nimekua!" Hakuna aliyenielewa, wala sikujali. Ilikuwa furaha ya namna ambayo mtoto hukimbia hapohapo alipo kwa kuwa hajui akimbilie wapi.

Katikati ya shangwe nilimtazama Babu. Hakucheza. Kuna mahali, baada ya ubeti wa pili, alikunja uso na kushika kofia yake kwa mikono miwili. Nilidhani jino linamuuma, tende zile zilikuwa na kokwa. Watu walikuwa wanaimba na kupiga makofi, hakuna aliyeona.

Wimbo ulipokwisha, wote tulimgeukia Bibi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu kaikunja, hajapiga kigelegele.

"Gitaa nimelisikia," alisema. "Ni gitaa zuri. Lakini gitaa halitaji jina la anayelipiga. Dar es Salaam nzima, mpiga besi alikuwa mmoja?"

Hata Mzee Ndembo akaacha kucheza, akakaa. Nilitaka kulia. Tulikuwa tumeosha, tumesawazisha, tumemnyang'anya Bibi mtungi wake, na bado tulikuwa palepale.

Babu aliinuka. Alivua kofia, akaja akaketi mkekani kando ya Bibi, kanzu nyeupe na yote, mimi nikiwa katikati yao na kiganja changu kwenye mtungi.

"Hamisi," alisema, "rudia mwanzo. Na nyinyi wengine, tafadhalini, msipige makofi."

Sindano ikashuka. Gitaa likaanza kutembea. Babu alifumba macho akasema kwa sauti ya chini, akimwambia Bibi peke yake, ingawa wote tulisikia, maana watu walikuwa wameacha hata kutafuna.

"Somoe, hapa natembea vizuri. Ubeti huu sina kosa. Wa pili nao nitaumaliza salama. Halafu mwimbaji ataongeza maneno ambayo hatukuyafanyia mazoezi, yalimjia papo hapo. Wenzangu watamngoja. Mimi sitamngoja. Nitashuka peke yangu, nipotee, ninyamaze kidogo, kisha nirudi kwa woga."

Ubeti wa kwanza ukapita. Ukapita wa pili. Mwimbaji, badala ya kuwaachia wenye tarumbeta, akamwita mkewe mara nyingine kwa jina, akamwambia nje kuna umande. Na gitaa likashuka peke yake. Lilikanyaga mahali pasipo pake, likajikwaa, likakatika. Mtungi ulikufa chini ya kiganja changu. Kisha kwa mbali, polepole, likarudi, laini, la mtu anayeingia nyumba yenye wageni.

Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kulisikia gitaa hilo kabla ya siku hiyo. Hapakuwa na wa kumweleza Babu mahali pa kosa; alipajua kwa kuwa kosa ni lake.

"Hicho ndicho ulichokuwa unakificha?" Bibi aliuliza.

"Ndicho."

"Kwa nini hamkurudia?"

"Zamu yetu studio ilikuwa imekwisha, bendi nyingine inangoja mlangoni. Kiongozi wetu hakunigombeza. Aliniangalia tu. Kesho yake nikaona sitaweza kumtazama usoni tena, nikadandia lori la Lindi. Huku nikasema nimemkumbuka mtoto. Na mtoto nilimkumbuka, Somoe, lakini kilichonipandisha lori ni aibu. Niliposikia kwamba kwenye kisanduku chetu gitaa halisikiki, nilimshukuru Mungu. Nikaona bora mnicheke sikuwemo kuliko mnisikie nilivyopotea."

"Na mimi miaka yote nikadhani ni mwanamke," Bibi alisema.

"Mwanamke gani?" Babu aliuliza, na alishangaa kweli, mdomo wazi.

Bibi alimtazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, na machozi kweli yalikuwepo, lakini alikuwa anacheka, anacheka mpaka kanga ikamvuka kichwani na asiijali. "Radhi, baba Hamisi," alisema katikati ya kicheko. "Niwie radhi."

Kisha akairudisha kanga kichwani.

"Na kama usingekosea?"

Babu alikuna kichwa. Hakuwa mtu wa kusema uongo. "Ningebaki na bendi," alisema. "Labda mpaka leo."

Bibi akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Akanyoosha mkono, akauvuta mtungi wake ukamsogelea, akauegemea kwa shavu.

"Hamisi," alisema, "rudisha pale alipokosea."